Kufunga Kadi ya Grafiki kwenye Kompyuta ya Mezani ya Zamani: Pima Mashine Kabla ya Kulipa

Kompyuta nyingi za mezani zinazofanya kazi hapa Tabora, kwenye studio za video za harusi, steshenari na ofisi ndogo, ni mashine za mtumba zilizokwisha kutumika maofisini kwa miaka kadhaa kabla ya kutufikia. Nyingi ni Dell OptiPlex na HP Compaq zenye prosesa za Core i5 za kizazi cha pili hadi cha nne, na kwa kuandika barua, kuchapa na kutunza hesabu bado zinatosha kabisa. Zinalemewa pale mwenye studio anapoanza kuunganisha video ya saa tatu, kwa kuwa hazina kadi ya grafiki ya kwao; picha zote hushughulikiwa na sehemu ndogo iliyomo ndani ya prosesa, ambayo nayo hukopa ramu ya mashine. Kadi ya kawaida, hata iliyotumika, inaweza kuiongezea mashine kama hiyo miaka mingine ya kazi. Hata hivyo, kinachoamua kadi ipi inafaa ni mashine itakayoipokea: pawa saplai yake (kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kesi), nafasi iliyomo ndani ya kesi yake na umri wa BIOS yake, yaani programu ya ndani inayoiamsha mashine kabla ya Windows. Kwetu jambo hili lina uzito zaidi, kwa sababu kadi nyingi huagizwa Kariakoo na kupandishwa kwa basi kama kifurushi, na ikifika ikabainika kwamba haiingii, kuirudisha ni nauli nyingine na mabishano mengine.

Anza na umeme. Zima kompyuta, chomoa waya, fungua ubavu wa kesi, kisha usome kibandiko kilichobandikwa kwenye pawa saplai. OptiPlex 7010 yenye kesi nyembamba ina pawa saplai ya wati 240, na ile yenye kesi ya kusimama ina wati 275. Sloti ndefu ya PCI Express inayopokea kadi ya grafiki hutoa wati 75 na si zaidi. Kadi inayohitaji zaidi ya hapo huwa na tundu la kupokea waya wa ziada, lenye pini 6 kwa wati 75 nyingine au pini 8 kwa wati 150, na mashine hizi za ofisini kwa kawaida hazina waya huo. Mafundi wengine huchukua waya wa umeme wa hadi diski (hard disk) wakaufunga kiunganishi cha kubadilisha ili upate pini 6. Sishauri jambo hilo hata kidogo, kwa kuwa plagi ya hadi diski aina ya SATA imeundwa kupitisha takribani wati 54 tu kwenye njia ya volti 12, na ikidaiwa zaidi huanza kuyeyuka ndani ya kesi wakati mwenye kompyuta yuko nje akisubiri video iishe. Kubadilisha pawa saplai nzima nako si rahisi kama kunavyosemwa. OptiPlex 7010 ina plagi ya kawaida ya pini 24, lakini iliyoifuata, 9020, ina plagi ya pini 8 ya Dell pekee, na HP nazo zina mpangilio wao. Kwa hiyo, kwa mashine za namna hii, kanuni salama ni kutafuta kadi inayotosheka na wati 75 za sloti, isiyo na tundu lolote la waya wa ziada.

Baada ya umeme, chukua rula. Pima kutoka ukuta wa nyuma wa kesi hadi kitu cha kwanza kinachoweza kuizuia kadi, mara nyingi kibebeo cha hadi diski, na uandike sentimita hizo kwenye karatasi. Kesi nyembamba inahitaji kadi fupi kwa kimo, yenye bamba la nyuma la takribani sentimita 8, ilhali kesi ya kusimama hupokea bamba la kawaida la sentimita 12. Angalia pia kama jirani ya sloti ndefu kuna nafasi ya kadi yenye unene wa sloti mbili, kwa kuwa kadi nyingi zina feni inayojitokeza upande wa chini. Muuzaji akikuambia kwamba kadi ni ndogo, mwombe picha ya kadi ikiwa kando ya rula.

Sasa kadi zenyewe. Kwa kazi ya video chaguo ninaloliamini ni GTX 1050 Ti ya mwaka 2016, yenye kumbukumbu ya gigabaiti 4, au GTX 1650 ya mwaka 2019. Zote mbili zina matoleo ya wati 75 yasiyohitaji waya wa ziada, ingawa yapo pia matoleo yenye tundu la pini 6, hivyo picha ya ukingo wa juu wa kadi ni lazima kabla ya kulipa. GT 1030 husifiwa sana kwa sababu ni ndogo na hutumia wati 30 tu, lakini haina sehemu ya kusimba video (encoder), yaani ya kuibana video kuwa faili, kwa hiyo wakati wa kutoa video iliyokamilika mzigo wote hurudi kwa prosesa ileile ya zamani. Isitoshe, kuna toleo la GT 1030 lenye kumbukumbu ya DDR4 ambalo ni la polepole kuliko lile la GDDR5, na maboksi yake hufanana. RX 6400 nayo inavutia kwa kimo chake kifupi na wati zake 53. Hata hivyo haina sehemu ya kusimba video, na huzungumza na ubao mama (bodi kuu ya kompyuta) kupitia njia nne tu za data, jambo linaloipunguzia nguvu inapofungwa kwenye mashine yenye PCI Express ya kizazi cha pili kama zile za mwaka 2011. Kama kompyuta bado ina ramu ya gigabaiti 4 na hadi diski ya kuzunguka, fedha ya kwanza iende kwenye ramu na diski ya SSD, kwa kuwa kadi nzuri haitaonekana faida yake pale.

Monita pia ihesabiwe. Monita nyingi zinazotumika hapa mjini hupokea waya wa VGA, na kadi nilizozitaja hazina tundu hilo. Utahitaji kigeuzi cha HDMI kwenda VGA chenye saketi ndani yake. Kigeuzi cha bei ya chini cha kugeuza umbo la plagi ya DVI hakitatoa picha, kwa sababu tundu la DVI-D halipitishi mawimbi ya analogi ambayo VGA huyahitaji.

Tundu la VGA ndilo lililonifundisha kuhusu kadi bandia. Niliwahi kuletewa GTX 1050 Ti kwa bei iliyokuwa nafuu mno, na ilipotoka kwenye karatasi nikaona tundu la VGA katikati ya bamba, nikafurahi kwamba sitahitaji kigeuzi. Windows ilitaja jina lake kama 1050 Ti, lakini programu ya video ilikuwa ikijifunga kila baada ya dakika chache. Nilipofungua programu ya bure iitwayo GPU-Z, inayosoma taarifa za kadi, ilionyesha alama ya tahadhari na neno linalosema kwamba kadi ni bandia: ilikuwa kadi ya zamani sana iliyoandikwa upya programu yake ya ndani ili ijitaje kwa jina la kadi mpya. Muuzaji hakupokea simu tena. Tangu siku hiyo sikamilishi malipo kabla ya kupigiwa picha ya dirisha la GPU-Z kadi ikiwa inafanya kazi, na kwa 1050 Ti ya kweli dirisha hilo huonyesha viini (cores) 768 na upana wa njia ya kumbukumbu wa biti 128.

Kadi ikishafika, usiharakishe kuifunga. Kwanza sasisha BIOS ya kompyuta hadi toleo la mwisho lililotolewa na mtengenezaji, kwa kuwa baadhi ya mashine za umri huu hukataa kuonyesha picha kwenye kadi mpya hadi zisasishwe. Kazi hii ifanyike kompyuta ikiwa kwenye UPS yenye betri nzima, maana umeme ukikatika katikati ya usasishaji, ubao mama unaweza kufa moja kwa moja. Kumbuka kwamba UPS iliyoandikwa VA 650 haitoi wati 650. Wati zake ni pungufu, na zimeandikwa pembeni kwa herufi ndogo.

Kisha safisha. Vumbi la kiangazi la Tabora hujipanga kwenye mapezi ya kupooza prosesa kama blanketi, na kadi mpya itaongeza joto ndani ya kesi hiyohiyo. Ipeleke kompyuta nje, chini ya mwembe, uipulize kwa blowa kutoka mbali kidogo huku ukizuia mapanga ya feni kwa kidole au kijiti, kwa kuwa feni inayozungushwa na upepo mkali huharibu bearingi zake.

Rudi ndani, waya ukiwa umechomolewa, ubonyeze kitufe cha kuwashia kwa sekunde kumi ili umeme uliobaki umalizike. Gusa chuma tupu cha kesi kabla ya kuishika kadi, na rudia kila unapoinuka na kurudi, hasa kati ya Juni na Septemba ambapo hewa ni kavu na umeme tuli hujikusanya mwilini kwa urahisi. Ondoa kibati kinachoziba tundu la nyuma mkabala na sloti ndefu. Kwenye OptiPlex nyingi sloti hiyo ina rangi ya buluu, na ile nyeusi inayofanana nayo ina njia nne tu. Shika kadi kwa kingo zake, ilinganishe na sloti, kisha isukume kwa nguvu iliyo sawa pande zote mbili mpaka usikie mlio mdogo wa kishikizo kikijifunga. Meno ya dhahabu yasionekane hata kidogo. Funga skrubu au kishikio cha nyuma, uchomeke monita kwenye kadi na si kwenye tundu la zamani la ubao mama. Skrini nyeusi siku ya kwanza mara nyingi husababishwa na kosa hilo la waya.

Windows ikiwaka itaonyesha picha kubwa zisizo na ukali. Hiyo ni kawaida mpaka draiva, yaani programu inayoiwezesha Windows kuitumia kadi, iwekwe. Pakua draiva kutoka tovuti ya NVIDIA au AMD wenyewe, na kwa kuwa faili lake ni la mamia ya megabaiti, wengi wetu tunalipakua usiku kwa bando la usiku.

Acha ubavu wa kesi wazi, ufungue GPU-Z na utoe video ya nusu saa huku ukitazama joto. Kadi za NVIDIA za kizazi hiki huanza kujipunguza kasi karibu na nyuzi 83, na mchana wa Oktoba hapa kwetu si rafiki wa kesi nyembamba. Ikikaribia hapo, sogeza kompyuta mbali na ukuta na uitoe kwenye kabati la meza. Joto likitulia, funga ubavu. Kile kibati cha nyuma ulichokiondoa kitie kwenye bahasha pamoja na skrubu yake, uibandike bahasha ndani ya droo, kwa kuwa kadi ikitolewa siku moja, tundu hilo wazi litakuwa mlango wa vumbi.