Jinsi ya kumsikiliza Louis Armstrong hadi umsikie: dakika tatu za "West End Blues"

Mpwa wangu anapuliza kwenye kikundi cha matarumbeta ya harusi hapa Dar. Mdomo anao, pumzi anayo, na Jumamosi anaweza kusimama nyuma ya pikapu kuanzia kanisani hadi ukumbini bila kuchoka. Majuzi akanijia na simu mkononi: "Shikamoo mjomba. Hivi huyu mzee mnamsifia nini? Mbona anapuliza kama sisi tu, tena nyuma kuna mvua."

Mzee mwenyewe ni Louis Armstrong, mpiga tarumbeta wa jazz wa Marekani, na mvua aliyoisema ni mkwaruzo wa santuri. Nilimwambia avue viatu akae. Tulikaa jioni tatu, na haya ndiyo tuliyofanya, kwa mpangilio uleule. Si lazima ujue kusoma nota. Ukiwa na tarumbeta au kinanda karibu ni vizuri zaidi, hasa kwenye hatua ya 2, iliyotumalizia jioni nzima ya kwanza.

Hatua ya 1: Chukua wimbo mmoja tu

Usianze na orodha ya nyimbo hamsini. Wala usianze na "What a Wonderful World". Huo ulitoka 1967, ni mtamu, lakini ndani yake utamsikia mwimbaji, mpiga tarumbeta hayumo. Wengi wanamjua Armstrong kwa wimbo huo pekee, halafu wanashangaa wapuliza tarumbeta wanamnyenyekea kwa lipi.

Tafuta "West End Blues" iliyorekodiwa Chicago tarehe 28 Juni 1928 kwa lebo ya OKeh. Kikundi kinaitwa Hot Five ingawa siku ile walikuwa sita: Armstrong, Earl Hines kwenye piano, Fred Robinson kwenye tromboni, Jimmy Strong kwenye klarineti, Mancy Carr kwenye banjo na Zutty Singleton kwenye ngoma. Mtunzi ni King Oliver, yule aliyemwita Armstrong kutoka New Orleans aje Chicago mwaka 1922. Oliver mwenyewe aliurekodi wimbo huu na bendi yake wiki chache kabla, Juni hiyohiyo. Kwa hiyo ukiandika jina la wimbo unaweza kuletewa ya Oliver, au mojawapo ya rekodi nyingi za waliokuja baadaye. Dalili ni moja: ya kwetu inaanza na tarumbeta peke yake, hakuna chombo kingine chini yake. Ukisikia bendi nzima tangu mwanzo, umekosea mlango.

Hatua ya 2: Hakikisha kasi ni ya kweli

Hapa ndipo jioni yetu ya kwanza ilipoishia, kwa hiyo nitaeleza hadi uchoke.

Santuri za wakati ule zilizunguka takribani mara 78 kwa dakika. Anayeihamishia kwenye kompyuta asipoweka kasi sawasawa, au asiyejali akiiharakisha kidogo ili ichangamke, wimbo unakwenda mbio na sauti zote zinapanda pamoja. Kosa la asilimia 6 hivi linatosha kuhamisha wimbo mzima nusu sauti. La asilimia 3 ndilo baya zaidi, maana linakuweka katikati ya noti mbili na hujui kosa ni lako au la mashine.

Sisi tulipata faili la namna hiyo. Nilimwambia kijana apulize pamoja na ile noti ndefu ya mwishoni ili aone uzito wake. Akapuliza, akawa chini. Tukasukuma ndani kile kibomba cha kurekebishia sauti. Bado chini. Tukakisukuma hadi kikagota. Bado. Akaniambia tarumbeta yangu imezeeka, mimi nikalaumu feni inampoza chuma. Tukaazima kinanda cha kwaya ili kiamue, na kinanda kikatoa jibu la tatu lisilofanana na la mtu yeyote. Karibu saa mbili zilipita kabla sijakumbuka kwamba mpiga kinanda wetu hukiacha kimepandishwa sauti kwa kile kitufe cha kuhamisha, ili apige nyimbo zote kwenye funguo nyeupe.

Basi, fanya hivi, na usiruke kitu.

Kwanza rudisha kinanda kwenye sifuri. Tarumbeta nayo ipashe moto dakika kumi kwa kuipuliza, maana ikiwa baridi inakudanganya.

Pili, peleka wimbo kwenye dakika ya 2 na sekunde 33 hivi. Utasikia tarumbeta imeshika noti moja juu haiachii. Kwenye kinanda hiyo ni Bb, yaani B iliyoshushwa nusu sauti. Kwenye tarumbeta yetu ya kawaida ni C, ile ya juu ya mistari, lakini kwa kupima tu piga C ya katikati bila kubonyeza kitufe chochote. Kwa watu wa kwaya: wimbo uko Eb, na noti hiyo ni "so". Ikilingana, faili lako ni zima. Ukijikuta kati ya C na noti ya jirani yake, tatizo ni faili. Acha kulaumu chuma.

Tatu, angalia urefu. Wimbo una dakika 3 na sekunde 15 hadi 20 hivi, kutegemea ukimya ulioachwa mwanzo na mwisho. Faili letu bovu lilikuwa na 3:09. Kipimo hiki usikidharau kwa sababu programu za muziki za simu siku hizi zina mahali pa kuongeza mwendo bila kupandisha sauti, na huko ile noti ya Bb itabaki sahihi huku wimbo unakimbia. Mpwa wangu husikiliza mahubiri kwa mwendo wa moja na robo, na simu yake inakumbuka.

Nne, ukitaka kulitengeneza faili bovu, tumia Audacity. Ni programu ya bure na haijawahi kuniangusha. Ila chagua amri inayobadilisha mwendo na sauti kwa pamoja. Ile ya kushusha sauti peke yake itakuachia mwendo wa kukimbia, na ukiikazania sana tarumbeta inaanza kulia kama inatoka ndani ya ndoo.

Nyongeza moja, na hapa sibadili msimamo: kati ya faili lenye mkwaruzo na lililosafishwa hadi kimya, chukua la mkwaruzo. Msafishaji akiondoa mvua yote huondoa na ule ukali mdogo wa mwanzo wa kila noti, pale ulimi unapogonga. Bila ulimi huyu mtu humsikii. Mimi napenda zile zilizohamishwa na John R. T. Davies, zikatolewa na lebo ya JSP. Mvua ipo, na ulimi upo.

Hatua ya 3: Spika za masikioni, za waya

Sabufa iache. Kwenye rekodi hii hakuna chombo cha besi hata kimoja, kwa hiyo itakutetemeshea mkwaruzo tu.

Hatua ya 4: Hesabu kwa mguu kabla ya kumsikiliza yeye

Ruka utangulizi kwanza. Anzia sekunde ya 15 hivi, bendi inapoingia. Gonga mguu polepole, nne nne. Kila duru ina vipimo 12, yaani mapigo 48 ya mguu, kisha inaanza upya. Fanya hivyo wimbo mzima bila kujali nani anapiga nini. Mpwa wangu alipotea mara mbili kwenye duru ya tromboni, na hilo ni la kawaida.

Ukishaweza, rudi sekunde ya 15 umsikilize Armstrong huku mguu unaendelea. Anaanza kwa maneno machache, kama mtu mzima anayebisha hodi. Noti nyingine zinaangukia mguu wako, nyingine zinachelewa kidogo, lakini hazipotei. Sisi kwenye harusi tunapiga kila noti juu ya ngoma, tako kwa tako, kwa hofu ya kuachwa na gari. Yeye anajua gari litamsubiri. Kufika vipimo vya mwisho ameshapanda juu kabisa, na hukumwona akipanda.

Hatua ya 5: Sasa rudi kwenye utangulizi

Ni sekunde kama kumi na tano tu. Usikilize mara kumi. Noti nne za kwanza hazina haraka, zina uzito sawa, na hakuna mtu wa kumshikia mapigo. Lakini gonga mguu uone: mapigo yamo ndani yake. Kisha anapanda mbio, anafika kileleni, anashuka kwa kona nyingi hadi bendi inapomdaka.

Punguza mwendo hadi nusu, halafu uimbe kwa mdomo kabla ya kugusa chombo. Imba "pa pa pa pa" jikoni, bafuni, popote. Mpwa wangu alitaka kushika tarumbeta mara moja nikamnyang'anya. Usichoweza kukiimba utakipuliza kwa vidole tu, na vidole havisikii.

Hatua ya 6: Tromboni

Pita. Ila msikilize Zutty nyuma, anagonga kama kwato za farasi kwenye lami.

Hatua ya 7: Klarineti na sauti ya mtu

Kama dakika 1 na sekunde 24, klarineti inasema jambo kwa chini, na Armstrong anaijibu kwa mdomo. Maneno hakuna, ni "wa" na "da" tu. Mimi kwa miaka nilidhani hapa anapumzisha midomo. Jaribu hivi: funga macho ujiulize, angekuwa na tarumbeta angepiga nini? Angepiga hichohicho. Namna anavyoingia kwa upole, anavyoacha noti ikamwagika mwishoni, ni mtu yuleyule. Ndiyo maana nilikwambia uimbe.

Baada yake ni piano ya Hines. Huyo anastahili mwongozo wake. Kwa leo sikiliza mkono wa kulia tu, unavyosema kwa sauti kubwa kana kwamba naye ana tarumbeta.

Hatua ya 8: Noti ndefu

Umeshaijua, uliipimia kasi. Sasa isikilize.

Inashikwa karibu vipimo vinne. Gonga mguu: karibu mapigo 16, kama sekunde 11. Mpwa wangu akacheka: "Mjomba, mimi nashika zaidi ya hiyo." Kweli anashika. Akasimama mlangoni akapuliza C ya juu, jirani akafungua dirisha. Nilihesabu, alipita 16. Lakini kufikia ya kumi sauti ilikuwa imekonda na uso umevimba, na kila aliyesikia alikuwa anasubiri imalizike.

Ya Armstrong hakuna anayesubiri imalizike. Haipandi, haishuki, haikondi, na bendi chini yake inaendelea na mwendo wake wa polepole kama haijui kuna jambo. Wewe ndiye unayeanza kuishiwa pumzi. Kisha anaiachia, na hapohapo anamwaga kishazi kifupi kinachoshuka, anakirudia, anakirudia tena, kwa mwendo unaokaribia kuupita mguu wako. Kazi yote ya ile noti ilikuwa kukusanya maji nyuma ya bwawa. Ukiisikiliza peke yake umesikia ukuta, hujasikia mafuriko.

Jaribio la hatua hii: sikiliza kuanzia noti ndefu hadi mwisho, mara tano, na kila mara mfuate mtu mmoja tu. Mara ya kwanza tarumbeta. Mara ya pili piano, hasa pale wengine wanaponyamaza na Hines anabaki peke yake akishuka taratibu. Mara ya tatu wale wanaoshika sauti ndefu nyuma. Mara ya nne banjo, ukiweza, mimi hunipotea. Mara ya tano usimfuate mtu, subiri tu lile pigo dogo la Zutty linalofunga wimbo.

Kama bado husikii kitu

Ulale. Asubuhi ukipiga mswaki utajikuta unaimba zile noti nne.

Na kama wewe ni mtu wa matarumbeta, kuna jambo lingine la kukusaidia. West End ni jina la mahali pa starehe kando ya ziwa Pontchartrain, New Orleans, mji ambao bendi za mtaani husindikiza jeneza kwa mwendo wa huzuni na kurudi na nyimbo za kuchezeka. Armstrong alikulia barabarani humo kabla ya studio, kwa hiyo alijua kupuliza huku anatembea na watu wanampita. Mwaka 1960 alizuru Afrika, na kule Léopoldville, Kinshasa ya leo, watu walimbeba juu kwa juu kwenye kiti. Nilimwonyesha mpwa wangu ile picha, akaitazama muda mrefu, kisha akauliza tarumbeta yake iko wapi pale.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda kwenye harusi aliyokuwa anapiga. Kwenye ule wimbo wa kumtoa bibi harusi garini, aliingia nyuma ya ngoma kidogo. Kidogo tu. Mpiga besi aligeuka kumwangalia, akidhani amepotea.

Usiku akanitumia ujumbe: "Mjomba, nirushie ile yenye mvua."