Minoksidili baada ya kupandikizwa nywele: anza lini, paka vipi

Mdogo wangu alirudi Dar es Salaam kutoka Istanbul siku ya sita baada ya upasuaji, kichwa kimejaa vigaga, begini ana chupa mbili za minoksidili, dawa ya kupaka ya kuotesha nywele, ya maji, ya asilimia 5. Mimi ni mfamasia na dawa hii naiuza kila wiki, ila kichwa kilichotoka kupandikizwa sikuwahi kukihudumia. Nimeandika tulivyofanya, pamoja na kosa lililotukeshesha hospitali.

Kwanza ujue unapaka kwa ajili ya nini. Nywele zilizohamishwa kutoka kisogoni kwa kawaida hazisumbuliwi na DHT, homoni inayoleta upara wa kurithi. Ndiyo maana huchukuliwa huko. Zinazoendelea kupukutika ni zile za zamani zilizobaki mbele na utosini. Hizo ndizo unazozishikilia kwa dawa, na ukiiacha, ulichokipata kitaondoka ndani ya miezi michache.

Hatua ya 1: Tarehe

Mwombe daktari aliyekupasua akuandikie tarehe ya kuanza. Wengi husema wiki mbili hadi nne. Fuata yake, si ya rafiki yako. Kama una ugonjwa wa moyo au unatumia dawa za presha, mwambie kabla hujafungua chupa.

Hatua ya 2: Hakikisha ngozi imefunga

Hapa ndipo tulipokosea. Siku ya tisa, bila kuniuliza, alipaka ya maji kichwa kizima juu ya vigaga, tena zaidi ya kipimo. Saa tatu usiku akanipigia: "Dada, moyo unanidunda kama nimetoka kukimbia, na nikisimama naona kizunguzungu." Nikamwambia aoshe kichwa kwa maji mengi, nikamfuata, tukaenda hospitali. Walimpima presha na mapigo ya moyo kila baada ya muda mpaka alfajiri, ndipo akatulia.

Minoksidili ilianza kama kidonge cha kushusha presha. Ya kupaka kichwani iliidhinishwa Marekani mwaka 1988. Ngozi nzima hupitisha kiasi kidogo tu kuingia kwenye damu. Ngozi yenye mamia ya matundu mabichi hupitisha zaidi. Usisahau kuwa na kisogo nacho kina vidonda.

Kwa hiyo kagua hivi, mchana, karibu na dirisha, mtu mwingine akikuangalia:

Vigaga viwe vimetoka vyenyewe. Kwa kawaida huisha kati ya siku ya 10 na ya 14, kwa kuoshwa taratibu kama ulivyoelekezwa. Usibandue kwa kucha hata kimoja, maana kinaweza kung'oka na unywele uliopandikizwa chini yake.

Gusisha tishu nyeupe bila kusugua. Ikitoka na unyevu, usaha au damu, subiri. Wekundu usiutegemee sana kwenye ngozi nyeusi, kwa sababu hauonekani vizuri. Sikiliza joto, maumivu na uvimbe. Vipele vyenye usaha, au uvimbe mgumu unaowasha na kuendelea kukua kama kovu la keloidi, vinarudi kwa daktari. Usivipakie dawa.

Vyote vikiwa safi, sisi tuliongeza siku tatu. Tulianza siku ya 24.

Hatua ya 3: Chagua povu

Ya maji ina propilini glaikoli, ambayo huwawasha watu wengi na kuwaletea mba. Kichwa kinachopona hakihitaji kuwashwa, maana mkono utakwenda kukuna. Povu kwa kawaida halina kitu hicho. Ni ghali zaidi, lakini kwa miezi ya mwanzo sishauri jingine. Zile chupa mbili tuliziweka kando.

Hatua ya 4: Paka

Kichwa kikavu. Nusu kifuniko, asubuhi na jioni. Suuza vidole kwa maji baridi na uvikaushe, la sivyo povu litayeyukia mkononi. Liguse kwenye ngozi, si kwenye nywele, bila kusugua. Nawa mikono, usioshe kichwa kwa saa nne, usilale kabla hakijakauka. Ukisahau mara moja, usipake maradufu.

Nyumbani mwenye mimba au anayenyonyesha asiiguse, na mtoto asilalie mto wako. Kama mna paka, kuweni waangalifu mno: kiasi kidogo cha minoksidili kinaweza kumuua.

Hatua ya 5: Usiogope zikidondoka

Nywele zilizopandikizwa hudondoka wiki ya pili hadi ya sita, mizizi ikibaki. Minoksidili nayo hung'oa za zamani mwanzoni ili mpya zianze. Mdogo wangu vilimkuta vyote pamoja, akataka kuacha. Nilimsihi aendelee. Mpya huanza kuchomoza mwezi wa tatu au wa nne, na matokeo kamili huonekana karibu mwaka mzima. Piga picha moja kila mwezi, dirisha lile lile, saa ile ile. Katikati ya hapo kioo kiache.