Namna ya Kuingia katika Ukocha wa Mpira wa Kikapu Vyuoni Zanzibar

Anayetaka kuwa kocha wa mpira wa kikapu katika chuo cha Unguja au Pemba aanze kwa kujua kwamba nafasi hiyo hutangazwa kwa nadra sana kama ajira inayojitegemea. Mara nyingi hupewa mtu ambaye tayari yumo chuoni kwa kazi nyengine: mhadhiri, ofisa anayeshughulikia wanafunzi, au mhitimu aliyewahi kuichezea timu. Kwa sababu hiyo mlango ulio wazi zaidi ni ualimu, na hata Marekani, ambako makocha wa vyuo vikubwa hulipwa mamilioni ya dola, wengi waliosifika walipitia mlango huo huo. John Wooden, aliyekipa UCLA, chuo kikuu cha Los Angeles, ubingwa wa vyuo mara 10, alisomesha Kiingereza katika skuli za sekondari kabla ya kufika huko mwaka 1948, na ubingwa wake wa kwanza aliupata mwaka 1964. Uongozi wa chuo unaodai kombe katika mwaka wa kwanza uelezwe hesabu hiyo kwa adabu.

Kabla ya kuomba timu, jifunze sheria za FIBA, shirikisho la mpira wa kikapu duniani, kutoka kwenye kitabu chenyewe. Vijana wetu hutazama NBA, ligi ya kulipwa ya Marekani, kwenye simu, wakaja uwanjani wakiamini kwamba robo moja ni dakika 12 na kwamba mchezaji hutolewa kwa faulo ya sita, ilhali kwa sheria tunazochezea robo ni dakika 10 na faulo ya tano humtoa mchezaji. Timu ina sekunde 8 za kuvuka nusu ya uwanja na sekunde 24 za kurusha mpira kikapuni. Njia nzuri ya kuyazoea haya ni kujitolea kukaa kwenye meza ya kuandika matokeo katika mechi za ligi, kwa kuwa hapo utajuana na waamuzi, makocha na viongozi wa chama cha mpira wa kikapu, na ndipo taarifa za kozi za ukocha husikika mapema. Hudhuria kozi ya ngazi ya kwanza pindi inapopatikana, na vyeti vyako uvihifadhi vizuri.

Hatua inayofuata ni kuomba ukocha msaidizi. Andika barua kwa ofisi inayosimamia wanafunzi, iwe ni SUZA (Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar), Chuo Kikuu cha Zanzibar kilichopo Tunguu, au chuo kidogo zaidi, na nakala umpe kiongozi wa michezo wa serikali ya wanafunzi, ambaye mara nyingi ndiye mwenye funguo za stoo ya mipira. Eleza siku unazoweza kufika, utakachofundisha, na vifaa utakavyohitaji. Posho ya nauli, hata ikiwa ndogo, ikubaliwe kwa maandishi tangu mwanzo, kwa sababu ahadi ya mdomo husahaulika pale kiongozi anapohamishwa.

Kazi yenyewe imo katika mpango wa mazoezi, na hapa ndipo makocha wapya wengi huteleza, kwa kuwa hupanga kana kwamba mwaka mzima ni wao. Chukua kalenda ya chuo, ukate wiki za mitihani na likizo, kisha ukate siku ambazo mvua za masika, za Machi hadi Mei, zitalowesha viwanja vya wazi vya saruji. Katika mwezi wa Ramadhani usiwakimbize waliofunga chini ya jua la alasiri. Punguza mazoezi yawe ya mitupo na mipango ya mchezo karibu na magharibi, au yasogeze baada ya tarawehe ikiwa uwanja una taa. Utabakiwa na wiki chache tu, na kila zoezi lazima liwe na sababu.

Wanafunzi wengi watakuja kwako wakiwa wamekulia kwenye soka au netiboli, wenye pumzi nzuri lakini wasiojua kutumia mkono wa kushoto. Kwa zoezi la dakika 90 ningetumia 10 kupasha mwili, 20 kudunda mpira na kusimama bila kutembea nao, 20 pasi na kufunga karibu na pete, 25 ulinzi wa mmoja kwa mmoja hadi watatu kwa watatu, na 15 za mwisho mchezo kamili. Mitupo ya adhabu warushe wakiwa wamechoka, kwa sababu ndivyo watakavyoirusha katika robo ya nne. Mbinu tatu za kushambulia zinatosha kwa muhula, na kocha anayefundisha kumi huwa anajifurahisha mwenyewe.

Timu ya wanawake isiachwe ikawa nyongeza. Tangu Oktoba 2017 sheria za FIBA zinaruhusu hijabu katika mechi rasmi, ilimradi isihatarishe wachezaji wala isifunike uso, hivyo agiza za kitambaa chepesi kinachokaza kichwani, zisizo na pini, zenye rangi moja kwa timu nzima. Panga zoezi liishe mapema ili wanaoishi mbali wapate daladala, na wazazi wanaouliza wajibiwe na kocha mwenyewe. Pat Summitt, kocha Mmarekani, alipoanza kuifundisha timu ya wanawake ya chuo cha Tennessee mwaka 1974, akiwa na umri wa miaka 22, aliendesha gari la timu na kufua jezi. Mwenye kuona kazi hizo ni za kumdhalilisha hatadumu katika chuo chetu chochote.

Utaulizwa pia kuhusu Hasheem Thabeet, Mtanzania aliyecheza chuo cha Connecticut na kuchaguliwa wa pili na timu ya Memphis Grizzlies katika uteuzi wa wachezaji wapya wa NBA mwaka 2009. Usimwahidi mtu ufadhili wa Marekani. Mwandikie kila mchezaji rekodi ya mechi, pointi, faulo na mahudhurio, hifadhi na video chache za mechi nzima, na alama zake za masomo zifuatilie kila muhula, maana chuo cha nje kitakachomtaka kitaomba matokeo ya darasani pamoja na ya uwanjani.