Oda ya hisa ya usiku: iwekee kikomo kabla hujalala

Mimi nafanya zamu ya usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee hapa Columbus, Ohio, na oda zangu za hisa nilikuwa naziweka saa 9 usiku, wazee wakishalala. Soko la New York linafunguliwa saa 3:30 asubuhi. Kwenu Dar au Mombasa ni saa 10:30 jioni, au 11:30 huku kukiwa majira ya baridi. Saa hiyo mimi niko usingizini, na hapo ndipo nilipoumia.

Hisa ilifunga kwa dola 48. Nikaagiza 20 kwa bei ya soko, nikijua nitatoa 960. Alfajiri kampuni ikatangaza faida nzuri, watu wakaikimbilia, ikafunguka kwa 55. Oda yangu haikuwa na kikomo, ikanunua kwa hiyo hiyo: dola 1,100. Kufika mchana bei ilisharudi 50. Zile 140 za ziada nilizipangia dawa za mama, Tanga.

Kwa hiyo anza na kalenda ya matokeo, yaani siku ambazo kampuni hutangaza faida au hasara yake. Kampuni nyingi za Marekani hutangaza baada ya soko kufungwa saa 10 jioni, au asubuhi kabla halijafunguliwa. Kama matokeo ni kesho, usiagize usiku huu. Takwimu za ajira na za mfumuko wa bei nazo hutoka saa 2:30 asubuhi, saa nzima kabla ya kengele ya kufungua soko.

Kisha chagua oda yenye kikomo cha bei, yaani bei ya juu kabisa uliyo tayari kulipa. Ningeandika 49, oda ingekaa bila kununua, nami ningeamka na pesa yangu. Ila kikomo hukukinga na bei ya juu tu, si na habari mbaya: hisa ikifunguka kwa 38, oda itanunua kwa 38 kabla hujasoma kilichotokea.

Nawe mwenye hisa tayari, usiiamini mno oda ya kuuza bei ikishuka. Tarehe 2 Februari 2022 hisa ya Meta, kampuni ya Facebook, ilifunga kwa dola 323. Kesho yake, baada ya matokeo, ilifunguka karibu na 245. Aliyeagiza iuzwe ikifika 300 hakuiona 300. Oda hizo kwa kawaida husubiri soko lifunguliwe, na lilipofunguliwa bei ilikuwa imeshairuka.

Siku hizi natega simu iniamshe saa 4 asubuhi, nusu saa baada ya kengele. Naangalia bei, naagiza, narudi kulala.