Namna ya kuhakiki hadithi ya Kimarekani yenye vioja

Kikundi cha kusoma cha Lubumbashi kikikutana na hadithi ya aina hii, mazungumzo hukwama mahali pamoja: wote wanambishania mtu wa vioja, na anayemsimulia anasahaulika. Anzeni na msimulizi.

Ya kujifunzia, chukueni Bartleby ya Herman Melville, iliyotoka kwa sehemu mbili katika jarida moja la New York mwaka 1853. Mwanasheria wa Wall Street, mtaa wa ofisi za fedha na sheria New York, ndiye msimulizi; anamwajiri Bartleby awe mnakili, yaani karani wa kunakili hati kwa mkono. Siku ya tatu anamwita walinganishe nakala, naye anajibu kwa upole kwamba angependelea asifanye. Hagombi, hatoi sababu, wala haondoki.

Hakimiliki ilishaisha, kwa hiyo kuipakua ni halali. Kwa Kiingereza ni maneno kama 14,000, yaani karatasi 15 hivi za A4 ukitoa fotokopi pande mbili. Mmoja apakue, awapitishie wenzake kwa Bluetooth, mega zisiishe bure. Wanaosoma kwa Kifaransa wachague tafsiri moja. Ziko kadhaa, na mkichanganya, saa nzima itaishia kutafutana kurasa.

Someni mara mbili. Mara ya kwanza, biki ikae mfukoni. Mara ya pili, piga mstari katikati ya ukurasa wa kaye: kushoto andika kila Bartleby anachokataa, kulia andika bosi anafanya nini papo hapo baada ya kukataliwa. Kushoto patajirudia mpaka pachoshe. Kulia ndiko kwenye mali: bosi anashangaa, anaahirisha, anamwonea huruma, anampa pesa, na mwisho anahamisha ofisi nzima badala ya kumtoa mtu mmoja. Sasa jiulize nani hapo ndiye wa ajabu.

Kawieni kwenye kukataa kwa kwanza. Bosi ameinamia karatasi zake, mkono ameunyoosha pembeni na nakala, akiwa na hakika itapokelewa. Hata hamtazami anayemwita. Aya moja juu ya mkono huo inatosha kuonyesha ofisi ile inaendeshwaje, na aliyewahi kuwa karani atakuelewa haraka. Msiwaruke Turkey na Nippers, wanakili wenzake Bartleby: mmoja hufanya kazi vizuri asubuhi tu, mwingine mchana tu, na bosi amezoea. Vioja vilikuwamo ofisini kabla Bartleby hajaingia.

Kosa kubwa ni ufunguo wa mwisho. Msimulizi anafunga kwa uvumi kwamba Bartleby aliwahi kufanya kazi Washington, kwenye ofisi ya barua zisizo na wa kuzipokea. Wahakiki wengi wanaurukia kana kwamba ni ushahidi wa mahakamani, ilhali msimulizi mwenyewe anakiri ni uvumi. Uandike kama uvumi, kisha uliza kwa nini mwanasheria anauhitaji. Kosa la pili ni kutafuta funzo kama la ngano za bibi. Hapa halipo, na ukilibandika linaonekana gundi. Kusema eti Wamarekani ndivyo walivyo ni uvivu tu.

Uhakiki wenyewe usizidi maneno 600. Muhtasari upewe sentensi tatu, nukuu ziwe mbili au tatu fupi, na kila nukuu ifuatwe na maelezo marefu kuliko yenyewe. Kabla ya kuusoma kikundini, futa kila sentensi ambayo mtu asiyeisoma hadithi angeweza kuiandika.