Poka kwa mtu aliyezoea "niko kadi"

Kwanza tuelewane, hii si ile poka yetu ya barazani ya kulishana mbili na tatu hadi mtu aseme niko kadi, yaani yuko karibu kumaliza karata, ule ni mchezo mwingine kabisa. Hii ni Texas Hold'em. Lakini kopa, uru, shupaza na pau ni zilezile, karata 52, jokari weka kando.

Kila mtu apewa karata mbili, azifiche. Kabla ya kugawa, wawili walioko kushoto kwa mgawaji hutoa dau la lazima, wa pili mara mbili ya wa kwanza. Mwaweka dau, kisha zawekwa tatu wazi pale mkekani, mwaweka dau tena, ya nne, mwaweka dau, ya tano, mwaweka dau mara ya mwisho. Kwa hizo saba, zako mbili na tano za mkekani, chagua tano bora. Kutoka chini: karata kubwa, jozi, jozi mbili, tatu za namba ileile, tano za kufuatana, tano za aina moja (tuseme zote kopa), tatu na jozi, nne za namba ileile, halafu tano za aina moja zinazofuatana. Na shupaza haiishindi kopa, msigombane.

Sasa hapa ndipo sisi watu wa niko kadi twafeli: hatujui kutupa, yaani kujitoa mkono huo. Kule wataka umalize karata, huku kazi kubwa ni kuziacha, manake hata jozi mkononi yaja kama mara moja kwa 17, jozi ya esi mara moja kwa 221, sasa wewe kila mkono wangʼangʼania nini bana? Ukiwa wa kusema mwanzo tupa zaidi, ukiwa wa mwisho ushaona wenzio wafanya nini, hapo waweza kujaribu.

Mfano, karata nne ziko wazi, na ukijumlisha zako mbili na za mkekani wafikisha kopa nne, wangoja kopa ya tano. Zimebaki kopa 9 kwa karata 46 usizoziona, yaani kama mara moja kwa tano. Katikati kuna dau la 40, mtu aongeza 10, lipa, ni 10 kwa kuila 50. Akiongeza 40, tupa, ni 40 kwa kuila 80 tu.

Pesa wacheni kwanza. Sisi tulianza na njugu, zikaliwa na kahawa kabla mchezo kuisha, tukahamia njiti za kibiriti. Na ukitupa usionyeshe karata wala usianze "lau ningebaki", wenzio bado wacheza.