Jinsi ya kuhuisha mwongozo wa ujenzi wa mitaa ya kihistoria

Usianze kwa kuandika. Anza na mafaili ya vibali vya miaka mitano iliyopita, yaliyokubaliwa na yaliyokataliwa pia. Katika kila faili nakili mambo matatu: ombi lilihusu nini, kifungu gani kilitumika, na kamati iliamua nini. Yapange kwa mada: madirisha, paa, lipu, mabango, uzio, vyumba vya kuongezwa nyuma. Ukikuta maombi yanayofanana yamepewa majibu tofauti, hapo pana kifungu kibovu, na hapo ndipo pa kuanzia.

Kisha ingia mtaani na futi kamba na kamera. Pima upana wa kila jengo, kimo cha ukuta hadi ukingo wa paa, umbali wake kutoka barabarani, kimo cha sakafu kutoka ardhini, upana na urefu wa madirisha, na fremu imerudi ndani ya ukuta kwa kiasi gani. Kila mtaa uwe na jedwali lake, kwa sababu mtaa wa maduka na mtaa wa makazi huweza kupakana na bado isifanane hata kimo cha mlango. Miongozo mingi huharibika hapa: watu huazima kijitabu cha mji mwingine, wakabadilisha jina la jalada, na matokeo yake mwenye nyumba anaamriwa kuhifadhi vibaraza ambavyo mtaa wake haujawahi kuwa navyo.

Angalia pia majengo ambayo mwongozo wa zamani uliyaona mapya mno. Nchini Marekani, kwa kawaida jengo hufikiriwa kuingia kwenye rejesta ya taifa ya majengo na maeneo ya kihistoria likishatimiza takriban miaka 50, kwa hiyo mwongozo ulioandikwa 1990 haukuwa na la kusema kuhusu nyumba za miaka ya 1970. Mkataba wa Venice wa 1964, waraka wa kimataifa kuhusu uhifadhi wa majengo ya kale, unataka mchango halali wa kila zama katika jengo uheshimiwe. Chumba kilichoongezwa miaka sitini iliyopita kinaweza kuwa sehemu ya historia ya nyumba, na mwongozo useme hivyo waziwazi.

Sasa kalamu. Adui mkubwa ni maneno kama “yapatane na mazingira”. Kila mtu anayakubali, na hakuna anayeweza kuyapima. Tuseme kifungu cha zamani kinasema: “Madirisha mapya yaendane na sura ya mtaa.” Kikiandikwa upya kinaweza kuwa hivi: “Dirisha jipya linaloelekea barabarani lazima urefu wake uwe kati ya mara 1.5 na mara 2 ya upana, na fremu irudi ndani ya uso wa ukuta kwa sentimita 10 au zaidi.” Tarakimu hizo ni mfano tu; zako zitoke kwenye jedwali lako. Tenganisha “lazima” na “inashauriwa” kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Zikichanganywa, mwombaji aliyenyimwa kibali atakuwa na hoja nzuri mbele ya hakimu.

Sehemu ya ukuta ndiyo inayostahili kurasa nyingi kuliko zote, maana makosa yake hayarudi nyuma. Matofali ya zamani mara nyingi ni laini, na yalijengwa kwa chokaa inayopitisha unyevu. Fundi akijaza viungo, yaani nafasi kati ya tofali na tofali, kwa saruji, maji hayana tena pa kutokea isipokuwa kwenye tofali lenyewe. Chumvi hujikusanya karibu na uso, ikiganda inapasua, na tofali linaanza kumeguka huku kiungo cha saruji kikibaki kimesimama. Andika sababu hiyo ndani ya mwongozo, usiweke katazo tupu. Taja mchanganyiko wa kuanzia, kwa kawaida kipimo 1 cha chokaa kwa 3 vya mchanga, na dai sehemu ndogo ya majaribio ikaguliwe kabla kazi haijaendelea. Viungo vikwanguliwe kwa patasi hadi kina cha mara mbili ya upana wake, kwani msumeno wa umeme hukata kingo za matofali. Kupuliza mchanga kwa mashine ili kusafisha ukuta kukatazwe kabisa: kunaondoa ngozi ngumu ya tofali iliyotokana na kuchomwa, na ngozi hiyo hairudishwi.

Paneli za sola zinahitaji kifungu chake, kwani miongozo mingi ya zamani haizitaji. Ziruhusiwe kwenye upande wa paa usioonekana kutoka barabarani, zilale sambamba na mteremko, na zifungwe kwa namna ambayo zikiondolewa paa linabaki zima. Mabango na rangi yanatosha ukurasa mmoja.

Kabla ya mikutano ya wakazi, jaribu rasimu. Chukua maombi kumi ya zamani, wape maofisa watatu wayaamue kila mmoja peke yake kwa kutumia rasimu tu. Majibu yakitofautiana, kifungu kirudi mezani. Halafu mwanasheria ahakikishe hakuna kifungu kinachogongana na kanuni za moto au za njia za watu wenye ulemavu.

Azimio la kupitisha mwongozo litaje tarehe ya kuanza kutumika, lifute toleo la zamani kwa jina, na lieleze kwamba maombi yaliyopokelewa kabla ya tarehe hiyo yataamuliwa kwa mwongozo wa zamani.